Mtu Hajipimi Mwenyewe

Nyumbani,
Chumba cha mbele.
Jumapili asubuhi, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Salamu nyingi kutoka kwangu dada yako, zikukute popote ulipoketi, na zikikukuta umelala zikuamshe taratibu. Hujambo? Kichwa kinaendaje, na tumbo, na usingizi? Nakuuliza kimoja kimoja kwa sababu nimejaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipokuuliza habari za mwili wako, nisikumbuke. Hilo ndilo lililonikalisha kitako kushika kalamu.

Sisi huku tu wazima. Mama hajambo, ila macho yanazidi kufifia. Masikio yake bado ni yale yale. Ukifunua sufuria jikoni yeye akiwa uani, anajua ni sufuria gani. Shemeji yako hajambo, mgongo unamuuma kidogo kwa ajili ya matofali. Kidoti ndiye mzima kuliko sote. Ana miaka mitatu na miezi minne sasa, anapanda kila kinachopandika, na lile doa la shavuni lililompa jina limekua pamoja naye.

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Najua siku hizi barua ya karatasi ikifika mtu hushika kifua kwanza. Hakuna aliyekufa wala aliyelazwa. Nimeandika kwa sababu simu hupokei. Siku kumi na moja hizi nimekupigia mpaka kidole kimechoka, inaita, inaita, inanyamaza. Wala sikulaumu. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuzoesha kwamba dada akitakiwa anapatikana ngomeni, kwenye ule mchezo wetu, si kwa kupigiwa.

Barua hii imeletwa na Breki, yule rafiki wa shemeji yako anayeendesha lori la mbao. Jina wamempa kwa mwendo wake; watoto wa baiskeli wanampita wakimpungia mkono. Lakini hajawahi kuangusha hata ubao mmoja, ndiyo maana nimemwamini. Mzigo wake unamleta kwenye mji huo kila mwezi na hukaa siku mbili akishusha. Nimemwambia asikuachie barua mlangoni. Aketi nawe. Kwa nini, nitakueleza mbele.

Sasa nianze na kosa langu, maana mwenye kuosha hutangulia kuosha mikono yake.

Kijiti, mimi ndiye niliyekuwekea ule mchezo. Unakumbuka? Siku ile tulipokuwa tunafunga mizigo yako juu ya kitanda hiki hiki ninachoandikia. Umekunja mashati yako vibaya, nayakunja upya, na wewe umeketi pembeni kimya kama mtu aliyeitwa shule kwa mwalimu mkuu. Ulikuwa unaogopa kwenda kule kwenye karakana ya kuchomelea, mahali usipomjua hata paka. Nikachukua simu yako nikakuwekea ngome. Nikakwambia, "Usihuzunike, tutakuwa tunakutana humu kila jioni, nusu saa tu. Wewe utaleta mawe, mimi nitajenga." Ukacheka. Nikajiona nimefanya jambo kubwa.

Na mwanzoni lilikuwa jambo zuri, sitaki kusema uongo. Nilikuwa nikimaliza kumwogesha mtoto, naketi kwenye kigoda, nawe umetoka kazini, tunaanza. Jiwe lako, jiwe langu. Watu wengine ndugu zao wako mbali hata salamu hawapati, mimi nina mdogo wangu tunajenga pamoja! Ile siku tuliyosimamisha lango, nilipiga kelele mpaka Mama akauliza nani kajifungua.

Lakini nusu saa ilizaa saa, na saa ikazaa wajukuu. Ngome ikikua, wavamizi nao wanaongezeka. Tukagundua wanakuja zaidi pale sote wawili tukiwa hatupo, na hasa saa nane mchana. Tukapangiana zamu. Wewe asubuhi, mimi mchana. Saa nyingine nilikuwa sijameza tonge, naona umeandika, "Zamu yako Dada." Na mimi huyo, mbio, utadhani nimeitwa na wito wa serikali.

Nikawa napika nikiwa zamu. Nafua nikiwa zamu, mkono mmoja ndani ya povu na mwingine umeinuliwa juu kama mtu anayeomba ruhusa ya kusema. Sufuria mbili zimeingia weusi ambao mchanga na majivu vimeshindwa kuutoa. Kila ninapozisugua sasa naziomba radhi.

Shemeji yako si mtu wa maneno, unamjua. Jioni moja alirudi kutoka kwenye ujenzi, saruji imemkauka kwenye nyusi, akaegemea mlango.

"Mama Kidoti, leo umejenga kozi ngapi za ukuta?"

"Tatu," nikamjibu bila kuinua uso, nikidhani ameuliza kwa wema.

"Mimi nane. Ila ukuta wangu mtu ataingia alale ndani. Wako analala nani?"

"Analala mdogo wangu," nikasema, nikacheka.

Hakucheka. Alichukua ndoo akaenda kuoga. Neno lile nililisema kwa mzaha, sikujua kwamba ni kweli tupu, na kwamba nilikuwa nimekulaza mahali pasipo na kitanda.

Nije kwenye kazi yangu. Bado nipo kwa Mama Pasi, yule fundi mkuu asiyeachia pasi mkononi hata akizungumza na mgeni. Ulipoondoka nilikuwa naweka vifungo na kupinda nguo. Mwaka jana alinipandisha nikawa mkataji. Sijawahi kukwambia hilo! Ona, jambo kubwa hivyo maishani mwangu, na nilikuwa naongea nawe kila siku. Mkataji, Kijiti. Darasa la saba mimi, na nimepewa mkasi mkubwa, ule ambao wengine hawaruhusiwi hata kuusogeza.

Mwezi wa nne tulipata kazi ya majoho ya kwaya, watu ishirini na wawili. Kitambaa chake kina uso na mgongo: upande mmoja unang'aa, upande mwingine umefifia. Kitambaa cha namna hiyo ukikata mikono, lazima ukunje uso kwa uso, ndipo mkasi ukipita mara moja utoke mkono wa kulia na wa kushoto. Hilo ni somo la wiki ya kwanza. Nalijua hata nikiwa na homa.

Saa nane ikanikuta mezani. Simu nimeiegemeza kwenye kopo la chaki. Wavamizi wanapiga upande wa mashariki, wewe hupo, na mimi nakata, natupa jicho, nakata, natupa jicho. Badala ya kukunja nikapanga kitambaa tabaka juu ya tabaka, uso wote juu. Nikamaliza mikono arobaini na minne nikiwa najisifu moyoni, kwamba leo nimelinda ngome na nimekata kwaya nzima.

Yote ya kushoto.

Mwenzangu wa cherehani alikuwa wa kwanza kugundua. Alichukua mkono mmoja, akachukua wa pili, akaugeuza, akaugeuza tena, akasema, "Jamani, hii kwaya inaimba au inapigana na mwili?" Wakacheka wote. Mwingine akasema tutafute waimbaji wenye mikono miwili ya kushoto, hao hata makofi yao yatakuwa na sauti ya peke yake. Na mimi nilicheka, machozi yananitoka, kwa sababu nilimwona Mama Pasi hacheki. Ameiweka pasi chini. Sijawahi kumwona ameiweka pasi chini.

Hakunigombeza. Aliniambia, "Mama Kidoti, leta mkasi." Nikampa. "Rudi kwenye vifungo." Nikarudi. Ndivyo ilivyokuwa, na ndipo nilipo mpaka leo, natia vifungo na wasichana walioajiriwa mwezi uliopita.

Kitambaa cha rangi ile kilikuwa kimekwisha dukani. Mikono ya kulia ikakatwa kwa kitambaa kingine kilichokolea kidogo. Kwa mbali huoni. Mimi naona. Siku wanakwaya walipokuja kuyachukua majoho na kuyajaribu, waliinua mikono kuimba ubeti mmoja pale pale barazani, na kila mkono wa kulia ulioinuka ulikuwa unaninyooshea kidole.

Ungedhani nilikoma. Sikukoma. Vifungo havihitaji akili nyingi, nikaona afadhali, sasa nitalinda ngome vizuri zaidi. Ndivyo nilivyowaza, mdogo wangu, sikufichi.

Kidoti ndiye aliyefuata kunipiga kofi bila kuinua mkono. Nilimshonea mwanasesere kwa vipande vya nguo. Siku moja natoka uani nakuta amemlaza mwanasesere kwenye mkeka, na yeye amekaa amempa mgongo, ameshika kipande cha sabuni ya kufulia kwa mikono miwili, vidole gumba vinakwenda mbio. Anafanya sauti ya kulia ya mwanasesere, "Mama! Mama!" Halafu anajijibu mwenyewe, bila kugeuka, kwa sauti yangu hasa:

"Ngoja kwanza, mjomba anavamiwa."

Nilicheka kwanza. Nikamsimulia baba yake kama kichekesho, naye akaenda akamwokota mwanasesere na kumfunika.

Na wewe unajua anakuitaje? Mjomba Ukuta. Juzi aliniuliza, "Mama, mjomba ana miguu?" Nikamwambia ana miguu, kwa nini asiwe nayo? Akasema, "Mbona haionekani?" Ni kweli. Pale juu ya ukuta wa ngome, kisanamu chako kinaonekana kofia na mabega tu. Mtoto wa dada yako, Kijiti. Ulimwacha anasimama kwa kushika kitanda, na leo hana hakika kama una miguu.

Sasa nije kwenye lile lililonitoa ngomeni. Hili niliandike pole pole.

Mama kila Jumapili ananiuliza habari zako. Ameketi mlangoni, namletea vifungo vilivyochanganyika kutoka kazini anavichambua kwa vidole, vikubwa huku, vidogo kule. Ananiuliza, "Umezungumza na mwanangu?" Namwambia nimezungumza naye leo leo. "Mzima?" Mzima. Anashukuru, anaendelea na vifungo. Zaidi ya miaka miwili nimemjibu hivyo, wala sikujua nadanganya.

Jumapili ile, kama wiki mbili zilizopita, akaongeza swali. Dogo tu. "Anakula nini huko?"

Nikasema, "Chakula." Vidole vya Mama vikasimama juu ya vifungo. "Najua chakula," akasema. "Mti hauli chakula, mtu ndiye anakula chakula. Nimekuuliza anakula nini. Nani anampikia? Nguo anafua siku gani?"

Nikamwambia nitaangalia. Nikaingia chumbani nikafungua pale tunapoandikiana ndani ya mchezo, nikaanza kurudi nyuma kutafuta mahali uliponiambia unakula nini. Nikarudi wiki, nikarudi mwezi. Mawe. Lango. Zamu yako. Mawe. Ukuta wa mashariki. Nikaendelea kurudi nyuma, na ndipo nikakukuta.

Tarehe tatu Machi. Umeandika, "Dada, leo sijaenda kazini. Kichwa kizito." Na mimi nimekujibu, "Afadhali! Basi lete mawe tumalize mashariki."

Tarehe kumi na tisa. Umeandika, "Dada, tajiri amesema nisirudi mpaka aniite." Mimi: "Pole. Ona langoni, wapo sita."

Mwezi wa nne, siku ile ile ya mikono ya kushoto, asubuhi. "Dada, siku hizi hata kula naona uvivu." Hapo sikuandika hata neno. Niliweka picha ya nyundo.

Picha ya nyundo, Kijiti.

Nimezaliwa kabla yako miaka sita. Nilikubeba mgongoni mpaka watu wakadhani mimi ni kijana mwenye kibiongo. Ulipoumwa masikio nilikupulizia mpaka nikapata kizunguzungu. Na siku uliponiambia huli, niliweka picha ya nyundo nikarudi kuangalia wavamizi. Uliniita mara tatu, na mara zote tatu nilikusikia kama mtu anavyosikia mvua ya jirani.

Kile kitaa cha kijani pembeni ya jina lako nacho kilinishuhudia. Nilikuwa nakiona saa nne asubuhi, saa ambayo mchomeleaji anapaswa kuwa na miwani usoni na cheche zinamrukia miguuni, nami nafurahi. Nasema, mdogo wangu yupo, tutasonga mbele. Sikujiuliza hata siku moja, yupo huku, basi huko hayupo?

Nilikwenda kwa Mama nikamsomea yote. Sikuruka hata ile ya nyundo. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atalia au atanifukuza. Akasema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyinyi mmejenga ukuta na ufa mmeuacha pale pale. Mwandikie." Kisha akaongeza kwa sauti ile yake ya utani, ambayo hata kwenye msiba haimwishi: "Alikuwa Kijiti tangu utoto, suruali tulikuwa tunamfunga kwa kamba. Kama amepungua kuliko pale, atakuwa kivuli."

Nimetoka ngomeni siku kumi na moja sasa. Usidhani ni ushujaa. Mara tatu niliufuta mchezo na mara tatu nikaurudisha, mara ya tatu nikiwa chooni, nikijiambia nachungulia tu kama umeacha ujumbe. Mwisho nilimpa shemeji yako ile simu kubwa, nikachukua yake ya vitufe, ambayo mchezo wake mkubwa ni saa ya kuamkia. Hakusema "nilikwambia". Alisema, "Hii yangu ina saruji kwenye kitufe cha saba, ukibonyeza ubonyeze kwa nguvu." Nikajua amenisamehe.

Saa nane ikifika bado kidole gumba kinacheza chenyewe. Natoka nje, nanywa maji, narudi. Kidoti sasa namwogesha mchana wote tukitaka, anamwaga maji mpaka sebuleni, na jana amenisimulia hadithi ndefu ya mjusi isiyo na kichwa wala mkia. Nilisikiliza yote. Sikumbuki kama nimewahi kusikiliza hadithi nzima ya mwanangu. Kuteleza si kuanguka, naamini hivyo, na hata nikiwa nimeanguka, basi nimeangukia kwenye mkeka alipokaa yeye.

Sikwambii mchezo ni shetani. Ulikuwa nusu saa nzuri. Pengine iko siku, mtoto ameoga, vyombo vimeoshwa, wewe umetoka kazini na umeshiba, tutaweka mawe mawili matatu tukacheka tukatoka. Lakini sasa siwezi, nikiingia sitoki, najijua. Na najua wewe unajua.

Najua pia kwamba siku kumi na moja hizi umekaa zamu zote mbili peke yako, yako na yangu, ukinisubiri. Hilo linaniuma kuliko mikono yote ya kushoto. Nisamehe. Iache iangushwe, Kijiti. Wakivunja lango waache wavunje. Nilikuweka ndani yake kwa mkono wangu, sasa nakuomba kwa mkono huu huu, toka.

Ndani ya bahasha nimetia uzi mweupe, ule mnene wa kufumia. Nataka kukushonea shati la kazi. Kitambaa nimekwisha kipata, kizito, cha bluu, hakiogopi cheche. Nimekiweka juu ya kabati na sijakikata. Ningeweza kukata kwa vipimo vyako vya zamani, ninavyo kichwani, lakini sikati tena kwa kubahatisha, na wewe sikujui tena ulivyo.

Fanya hivi. Simama wima. Kutoka bega hadi bega, funga fundo moja. Zungusha kifuani, funga mafundo mawili. Kutoka begani hadi kwenye kifundo cha mkono, pale saa inapokaa, funga matatu. Kila kipimo anza kwenye ncha ile ile niliyoipaka chaki nyekundu. Usijipime mwenyewe. Mtu hajipimi mwenyewe; ukijipima unainama kutazama, na ukiinama tu kipimo kimeharibika. Hilo nalo ni somo la wiki ya kwanza, na kwa maisha yangu nimelielewa mwezi huu. Mwambie Breki akushikie uzi. Ndiyo maana nimemwambia aketi nawe.

Mama Pasi nimemweleza habari hizi, si zote, nusu. Alisikiliza huku anapiga pasi, kisha akasema, "Vipimo vya mdogo wako vikija, njoo uchukue mkasi ukate shati hilo mbele yangu. Nitaona mkono wa kulia, ndipo tutazungumza." Unaona basi? Tunangojana. Mimi sipati mkasi mpaka wewe usimame wima.

Breki anaondoka huko asubuhi ya siku ya tatu. Kiti cha pembeni yake ni kitupu. Kama kazi bado ipo, nyoa, oga, nenda kwa tajiri wako umwambie ukweli kwamba uliumwa na hukuwa na wa kumwambia. Wapo matajiri wanaosikia. Kama kazi imekwisha, panda lori uje. Mama amesema chumba cha nyuma hakijapangishwa wala hakitapangishwa. Kurudi kwenu si kushindwa, na kwa mwendo wa Breki utapata muda wa kutosha wa kufikiria utakachosema. Ukichagua kubaki, baki, lakini uzi urudi. Nitausoma kama barua. Nitajua unakula au huli, na nitajua la kumjibu Mama.

Na ukitaka kunisikia, nipigie. Jumapili saa nne asubuhi nitakuwa nimeketi mlangoni karibu na Mama, simu ya vitufe mapajani, sina kitu kingine mkononi. Hata ukinyamaza tu, nitanyamaza nawe.

Mama anakusalimu, anasema ule. Shemeji yako anakusalimu, anasema mwashi na mchomeleaji wakikaa nyumba moja haikosi mlango wala dirisha, ulitafakari. Mwenzangu wa cherehani anakusalimu ingawa hakujui, anasema akikuona atakutambua kwa kuwa una mikono ya pande mbili.

Mungu akufunike mchana na usiku, akupe hamu ya chakula, akupe usingizi usio na zamu, na akuoneshe mlango.

Mimi dada yako, akupendaye ndani ya ngome na nje yake,

Mama Kidoti

Nyongeza: Geuza karatasi. Huo mguu uliochorwa kwa chaki ya fundi ni wa Kidoti, alikanyaga mwenyewe nami nikazungusha. Anasema nawe uchore wako pembeni umrudishie pamoja na uzi. Nimeacha nafasi.